Marekani: Kitako cha mbao kinapogeuza bastola ya kale kuwa bunduki

Tangu tarehe 1 Januari 2026, anayetaka kusajili bunduki ya mtutu mfupi nchini Marekani halipi tena ushuru wa dola 200 uliokuwapo tangu mwaka 1934. Baadhi ya wakusanyaji wa silaha za kale wameipokea habari hiyo kana kwamba mlango wote umefunguliwa. Kilichoondolewa ni malipo tu. Wajibu wa kusajili umebaki palepale, na hapo ndipo mtu mwenye bastola ya babu yake na kitako kipya alichoagiza kwa posta anapoweza kujikuta mbele ya hakimu.

Tuchukue mfano wa Mauser C96, bastola ya Kijerumani iliyoanza kutengenezwa mwaka 1896 katika mji wa Oberndorf, ambayo kwa umbo la mkono wake Waingereza waliibandika jina la mpini wa fagio. Winston Churchill, akiwa luteni kijana mwenye bega bovu lililomzuia kutumia upanga, aliibeba katika vita vya Omdurman, nchini Sudan, tarehe 2 Septemba 1898. Mtutu wake wa kawaida una urefu wa milimita 140, yaani inchi tano na nusu, lakini nyingi zilichorwa kipimo cha shabaha hadi mita 1000. Mkono mmoja hauwezi kulenga mbali kiasi hicho, na wabunifu wake walilijua hilo. Kwa hiyo ala yake ilitengenezwa kwa mbao ngumu, ikiwa na kifuniko cha bawaba upande mpana na ulimi wa chuma upande mwembamba. Askari alitoa bastola, akaufunga mfuniko, akausukuma ule ulimi katika mfuo uliochongwa nyuma ya mpini mpaka kishikizo kikalia. Ala ikawa kitako cha kuegemeza begani.

Ala nyingi za asili zimepotea au kupasuka, ndiyo maana kuna soko la nakala. Tatizo la kwanza ni la fundi. Mara nyingi ulimi wa nakala huwa mnene kidogo kuliko mfuo, na asiye na subira hushika tupa na kuukwangua mfuo wa bastola. Ni kosa lisilorekebishika. Kinachopaswa kupunguzwa, kidogo kidogo na kwa kujaribu kila mara, ni chuma cha kitako, kwa kuwa kitako kingine hupatikana na bastola ya mwaka 1900 haitatengenezwa tena. Nakala inayocheza nayo haifai: shabaha hupotea, na kila mshtuko wa risasi huugonga mfuo.

Kuna pia ulaghai. Baadhi ya ala za asili zilipigwa mhuri wa namba ileile ya bastola, na jozi yenye namba zinazolingana huuzwa kwa bei ya juu sana. Haishangazi basi kwamba wapo wanaoipaka nakala rangi ya uchakavu, wakaipiga namba, wakaiuza kama ya asili.

Tatizo kubwa zaidi ni la sheria. Sheria ya mwaka 1934 ilitungwa baada ya miaka ya magenge na bunduki zao. Rasimu yake iliwahi kujumuisha bastola, zikaondolewa kabla ya kupitishwa, lakini kifungu kuhusu bunduki fupi kikabaki. Kwa hiyo leo bastola ni halali bila usajili huo, ila ikifungwa kitako huhesabiwa kuwa bunduki, na bunduki yenye mtutu chini ya inchi 16 lazima isajiliwe.

Wengi hujibu: yangu ni ya mwaka 1897, ni ya kale, hainihusu. Hapa ndipo mtego ulipo, kwa sababu kuna tafsiri mbili za neno hilo. Sheria ya silaha ya mwaka 1968 huihesabu kuwa ya kale silaha yoyote iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake. Ile ya 1934, kwa silaha zinazotumia risasi za kisasa zenye ganda, inadai zaidi: risasi zake ziwe hazitengenezwi tena Marekani wala hazipatikani kwa urahisi madukani. Risasi za Mauser bado zinauzwa. Bastola hiyohiyo basi ni ya kale kwa sheria moja na si ya kale kwa nyingine.

Kinachowaokoa wakusanyaji ni orodha ya msamaha ya idara ya serikali inayosimamia silaha, ATF. Orodha hiyo inaitaja Mauser ya Kijerumani iliyotengenezwa kabla ya 1940 ikiwa pamoja na kitako chake cha asili. Kuhusu nakala, idara imewahi kueleza kwamba inakubali zile zinazofuata au kukaribia sana vipimo na umbo la asili. Kitako cha plastiki au cha kukunja hakimo katika maelezo hayo, na majimbo nayo yana sheria zao, nyingine kali zaidi. Mwenye shaka aiandikie idara na apate jibu kwa maandishi kabla ya kufunga chochote. Akiamua kusajili, idhini lazima itangulie kazi ya fundi.

Adhabu ya kumiliki silaha ya namna hii bila usajili ni kifungo cha hadi miaka 10. Kwa wasomaji wetu walioko huko bila uraia jambo ni zito zaidi, kwa sababu kutiwa hatiani kwa kosa la silaha ni miongoni mwa sababu za kufukuzwa nchini, hata kwa mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu. Anayerithi bastola kama hiyo kutoka kwa mkwe au jirani mzee, na kukuta kitako ndani ya sanduku moja nayo, aviache bila kuviunganisha mpaka awe ameonana na wakili.