Cha Bum-kun: Mabao 98 na Mechi Mbili

Katika historia ya soka la Asia ni wachache waliopimwa kwa mizani mbili zinazopingana kama Cha Bum-kun, mshambuliaji wa Korea Kusini aliyefunga mabao 98 katika Bundesliga, yaani ligi kuu ya Ujerumani Magharibi ya wakati huo, na ambaye miaka tisa baada ya kutundika daluga alitimuliwa ukocha wa timu ya taifa baada ya mechi mbili tu za Kombe la Dunia. Kwa desturi ya Wakorea jina la ukoo hutangulia, hivyo Cha ndilo jina la ukoo wake, na ndilo Wajerumani walilolitamka viwanjani kwa miaka kumi.

Alizaliwa tarehe 22 Mei 1953 huko Hwaseong, kusini mwa Seoul, miezi miwili kabla ya mapigano ya Vita vya Korea kusitishwa, na kwa hiyo alikulia katika nchi iliyokuwa ikijijenga upya kutoka katika magofu. Alipoitwa timu ya taifa mwaka 1972 alikuwa na umri wa miaka 18, na katika Kombe la Asia lililochezwa Thailand mwaka huo Korea Kusini ilifika fainali na kufungwa na Iran mabao 2-1. Mwaka 1976, katika mashindano yaliyofanyika Seoul, timu yake ilikuwa nyuma kwa mabao 4-1 dhidi ya Malaysia zikiwa zimesalia dakika chache, naye akafunga matatu mfululizo na mchezo ukaisha kwa sare ya 4-4. Kabla hajatimiza miaka 25 alikuwa amekwisha kuichezea nchi yake mechi 100, na kwa hesabu ya Shirikisho la Soka la Korea jumla yake ilifikia mechi 136 na mabao 58.

Safari yake ya Ulaya ilianza kwa kukatizwa. Wakorea waliokuwa wakiishi Ujerumani Magharibi miaka hiyo walikuwa zaidi wachimbaji wa makaa ya mawe na wauguzi, waliopelekwa kwa makubaliano ya serikali mbili, na klabu za Bundesliga hazikuruhusiwa kuchezesha wageni zaidi ya wawili katika mechi moja, kwa hiyo klabu iliyompa nafasi mtu kutoka Asia ilikuwa imeitoa mbele ya Wazungu na Waamerika Kusini wengi. Mwishoni mwa Desemba 1978 Cha aliichezea Darmstadt dhidi ya Bochum, mechi moja tu, kisha akalazimika kurudi nyumbani, kwa kuwa jeshi la anga lilisema hajamaliza muda wake wa utumishi wa kijeshi, ambao kwa vijana wa kiume wa Korea Kusini ni wajibu wa kisheria. Aliporudi Ujerumani katikati ya mwaka 1979, klabu iliyomchukua ilikuwa Eintracht Frankfurt.

Huko Frankfurt alifahamika upesi. Wajerumani walimwita „Tscha Bum“, na jina hilo liliwapendeza kwa sababu „bum“ katika lugha yao ni mlio wa kitu kinacholipuka, nao waliliona linafaa kwa winga mwenye mapaja mazito, mbio kali na shuti lililokuwa likimtesa kila kipa. Katika msimu wake wa kwanza klabu ilitwaa Kombe la UEFA, mashindano ya pili au ya tatu kwa hadhi baina ya klabu za Ulaya, ambapo katika raundi ya kwanza Cha alifunga bao ugenini dhidi ya Aberdeen ya Uskoti, iliyokuwa ikifundishwa na Alex Ferguson. Fainali ilichezwa mara mbili dhidi ya Borussia Mönchengladbach: Frankfurt ilifungwa 3-2 ugenini, ikashinda 1-0 nyumbani, na ikapewa kombe kwa kanuni iliyosema kwamba jumla ya mabao ikilingana, aliyefunga mengi ugenini ndiye mshindi. Mwaka uliofuata walitwaa Kombe la Ujerumani kwa kuifunga Kaiserslautern 3-1, na moja ya mabao hayo lilikuwa lake.

Kati ya mataji hayo mawili, mnamo Agosti 1980, alichezewa faulo mbaya na beki wa Bayer Leverkusen iliyomvunja pingili ya uti wa mgongo, akakaa nje ya uwanja kwa muda. Miaka mitatu baadaye alihamia klabu hiyo hiyo ya Leverkusen, akacheza bega kwa bega na beki aliyemuumiza. Ukiitazama Bundesliga ya wakati huo, ambayo mabeki waliruhusiwa mengi yasiyoruhusiwa leo, takwimu zake zinaeleza tabia ya mtu kuliko sifa zozote: katika mechi 308 za ligi alionyeshwa kadi ya njano mara moja tu, na kati ya mabao yake 98 hakuna hata moja la penalti. Alipostaafu mwaka 1989 hapakuwa na mgeni aliyekuwa amefunga mabao mengi kuliko yeye katika ligi hiyo.

Siku iliyobaki katika kumbukumbu za Leverkusen ni 18 Mei 1988. Katika mkondo wa kwanza wa fainali ya Kombe la UEFA walikuwa wamefungwa 3-0 na Espanyol ya Hispania, na hadi mapumziko ya mkondo wa pili hawakuwa na bao. Kisha Tita na Falko Götz wakafunga, na dakika ya 81 Cha, mwenye umri wa miaka 34 wakati huo, akapiga mpira kwa kichwa ukaingia, hesabu ikalingana, na Leverkusen ikashinda kwa mikwaju ya penalti, ukiwa ndio ubingwa wake wa kwanza mkubwa.

Kwa miaka hiyo ya Ujerumani timu ya taifa haikumwita hadi Kombe la Dunia la Meksiko mwaka 1986, ambako Korea Kusini, iliyokuwa haijaonekana katika mashindano hayo tangu 1954, ilipata sare moja na kufungwa mara mbili, naye hakufunga.

Hata kabla ya kustaafu alikuwa amegeukia watoto. Mwaka 1988 ilianzishwa tuzo yenye jina lake kwa wachezaji wa shule za msingi, na miongoni mwa walioipokea utotoni ni Lee Dong-gook na Park Ji-sung, ambaye baadaye aliichezea Manchester United. Aliifundisha klabu ya Hyundai ya Ulsan kuanzia 1991 hadi 1994, na Januari 1997 akakabidhiwa timu ya taifa. Septemba mwaka huo, katika mechi ya kufuzu Kombe la Dunia jijini Tokyo, Japani ilitangulia kufunga, lakini Korea ikapata mabao mawili ndani ya dakika tatu kuelekea mwisho na kushinda 2-1, ushindi uliomfanya kocha kuwa shujaa wa taifa zima.

Ushujaa huo ulidumu miezi tisa. Siku chache kabla ya fainali za Kombe la Dunia za Ufaransa mwaka 1998 mshambuliaji wake mkuu, Hwang Sun-hong, aliumia katika mechi ya kirafiki dhidi ya China. Katika mechi ya kwanza, dhidi ya Meksiko, Ha Seok-ju alifunga kwa mkwaju wa adhabu kisha akaonyeshwa kadi nyekundu dakika mbili baadaye kwa kumkata mpinzani kutoka nyuma, kosa ambalo marefa wa mashindano hayo walikuwa wameagizwa kuliadhibu vikali, na Korea ikafungwa 3-1. Juni 20, mjini Marseille, Uholanzi ya kocha Guus Hiddink iliwafunga 5-0, na jambo jema la usiku huo lilikuwa kijana wa miaka 19 aliyeingizwa kutoka benchi, yule yule Lee Dong-gook aliyepokea tuzo utotoni. Cha alifutwa kazi mara moja, na mechi ya tatu, sare ya 1-1 na Ubelgiji, ikaongozwa na msaidizi wake. Makocha wa Saudi Arabia na Tunisia nao walifukuzwa katikati ya mashindano hayo, lakini wingi wa makosa hauyafanyi kuwa hekima: Uholanzi ile ilifika nusu fainali, na kumrudisha kocha nyumbani mechi moja ikiwa bado imebaki kulikuwa kumtafuta wa kubeba aibu.

Baadaye alisema hadharani kwamba katika ligi ya Korea matokeo ya mechi yalikuwa yakipangwa, na Shirikisho likamfungia miaka mitano. Mwaka 2011 waendesha mashtaka walifichua upangaji mkubwa wa matokeo katika ligi hiyo hiyo. Alikwenda China kuifundisha Shenzhen, kisha akawa mchambuzi wa televisheni, na mwaka 2002 alizitangaza mechi za timu ya Korea iliyofika nusu fainali ya Kombe la Dunia ikiwa chini ya Hiddink yule yule, na mwanawe, Cha Du-ri, akiwa miongoni mwa wachezaji.

Suwon Samsung Bluewings ilimwajiri mwaka 2004 na kumwacha afanye kazi kwa miaka sita na nusu. Mwaka huo huo wa kwanza alitwaa ubingwa wa ligi kwa penalti dhidi ya Pohang, na mwaka 2008 akautwaa tena, mechi ya mwisho ikiwa dhidi ya mahasimu wao FC Seoul, waliofungwa 2-1 huku theluji ikianguka juu ya uwanja wa Suwon.