Dhahabu Juu ya Kioo

Likizo iliyopita nilimsaidia baba yangu machimboni karibu na Geita. Tulipeleka mifuko minane ya mawe kwenye karasha, tukapata dhahabu isiyofunika ukucha wa kidole kidogo. Jioni ile ile iliuzwa. Nilipomwuliza baba inakwenda wapi alinijibu, "Mwanangu, mimi naijua mpaka mezani kwa mnunuzi tu." Nilirudi shuleni Shinyanga na swali hilo, na katika vitabu vya historia nimekuta jambo ninalopenda kuwaeleza.

Katika karne ya 13 na ya 14 mafundi wa Syria na Misri walitengeneza bilauri, chupa na taa za misikiti zilizosifiwa mbali. Fundi aliyeyusha mchanga pamoja na majivu ya mimea, akapuliza chombo kwa mrija wa chuma, akakiacha kipoe. Kisha alikipamba kwa dhahabu iliyosagwa laini, na kwa rangi za unga wa kioo: nyekundu, buluu, nyeupe. Baada ya hapo ndipo ilipokuja kazi yenyewe. Chombo kilirudishwa motoni ili mapambo yashike, nacho kilizungushwa bila kukoma. Moto ukipungua, rangi haikushika. Ukizidi, bilauri ilijikunja kama nta. Kwa hiyo unga ule ulichanganywa hivi kwamba uyeyuke kabla ya chombo.

Bilauri moja ya namna hiyo, iitwayo Luck of Edenhall, imo katika makumbusho ya Victoria and Albert, London, nzima kabisa baada ya miaka zaidi ya 600.

Lakini mimi nimeguswa zaidi na vipande. Mwanzoni mwa karne ya 20, katika magofu ya Great Zimbabwe, vilichimbuliwa vipande vya kioo cha Mashariki ya Kati cha karne hizo, pamoja na vyombo vya Uajemi na Uchina. Dhahabu ya nchi ile ilishuka hadi Sofala, ikapitia Kilwa, mji ambao Ibn Battuta aliufikia mwaka 1331 akausifu. (Wenzangu wa bwenini hushikilia kwamba ilitoka kwetu Geita. Sivyo; mgodi wa Geita ulianza miaka ya 1930.) Basi walikochimba dhahabu, kioo kiliwafikia, walau wakuu wao.

Nimeichora bilauri ile katika daftari langu. Shule ikifungwa nitamwonyesha baba, na najua atauliza kwanza ina gramu ngapi.