Waliojenga Sanchi

Kila inapotajwa Stupa Kuu ya Sanchi, katika jimbo la Madhya Pradesh nchini India, sifa humwendea Mfalme Ashoka. Ni kweli kwamba katika karne ya 3 KK alijenga hapo kuba la matofali, kilima kigumu kisicho na chumba ambacho Wabudha hukizunguka kwa miguu, kuba likiwa upande wao wa kulia. Lakini matofali hayo leo hayaonekani. Karne moja hivi baadaye yalifunikwa kwa mawe, upana ukakaribia maradufu na kufika mita 36 na ushei. Hayo mawe tunayoyastaajabia ni kazi ya watu wa kawaida, nao wanastahili kutajwa kwanza.

Ushahidi uko kwenye uzio wa mawe unaoizunguka stupa. Mafundi waliujenga kama maseremala: nguzo za mawe zilitobolewa matundu, na mapapi mazito ya mawe yakachomekwa humo ncha zake. Juu ya vipande hivyo yamechongwa mamia ya maandishi mafupi yanayotaja aliyetoa na mara nyingi kijiji alikotoka. Wamo wafanyabiashara, akina mama wa nyumbani, hata vijiji vizima, kila mmoja na nguzo yake, papi lake au bamba lake la sakafu.

Atakayepinga atasema kuwa hao ni matajiri tu, maana maskini hana jiwe la kutoa. Mbona basi wamo watawa wengi, wake kwa waume, watu walioacha mali? Atasema pia kuwa lango la kusini, la karne ya 1 KK, lina jina la Ananda, msimamizi wa mafundi wa Mfalme Satakarni. Naam, lakini zawadi imeandikwa kuwa ya Ananda, si ya mfalme, na lango hilohilo linawataja mafundi wa pembe za ndovu wa mji wa Vidisha kuwa ndio waliolichonga.

Tena Ashoka mwenyewe ana deni kwao. Maandishi yake yalikuwa hayasomeki hadi 1837, msomi Mwingereza James Prinsep alipogundua kuwa maandishi mafupi ya Sanchi huishia kwa herufi zilezile, akakisia kuwa zinamaanisha zawadi. Kwa ufunguo huo, amri za mfalme zikaanza kusomeka.