Thimlich Ohinga: ukuta usiojua chokaa

Sisi watu wa pwani tukitajiwa magofu, akili hukimbilia Gede: mawe ya matumbawe yaliyogandishwa kwa chokaa. Thimlich Ohinga, kilomita 46 hivi kutoka mji wa Migori, nilikuta kuta za tangu karne ya 16 hivi, zimesimama bila chokaa wala udongo.

Siri ni mpango wa mawe. Wajenzi walipanga safu mbili, ya nje na ya ndani, kisha katikati wakajaza mawe madogo. Mawe hushikana kwa uzito wake yenyewe. Kwingine ukuta wapita mita 4 kwenda juu. Mlango ni mfupi. Ilinibidi niiname, na adui wa zamani naye hakuwa na budi. Ndani waliishi watu pamoja na mifugo yao.

Leo ndani ya boma pameota miti, mingine ina matawi kama kinara. Yapendeza kama bustani, lakini mizizi husukuma ukuta. Mgeni anayeparamia mawe naye huulegeza.

UNESCO iliingiza Thimlich katika urithi wa dunia mwaka 2018. Kuta nyingine za aina hii, huko Migori na Homa Bay, hazimo katika orodha hiyo.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa hakuna chokaa ya kuzibia. Ukienda, ndugu msomaji, pitia mlangoni, na jiwe liache lilipo.