Khanga ya Kumfungia Mtoto Mchanga Iachwe Lini?

Katika nyumba za watu wetu hapa Markham, kaskazini ya Toronto, mtoto akizaliwa tu anakuwa na washauri wawili wasiokubaliana. Bibi aliyeko Muscat au Unguja husema kwenye simu: mfungeni vizuri mpaka mifupa ikaze. Muuguzi wa huku humwambia mama: ukimwona anataka kujipindua, acha siku hiyo hiyo. Mama wa watu yuko katikati, na usingizi hana.

Kumfunga mtoto kuna maana yake, wala wazee wetu hawakubuni tu. Mtoto mchanga huzaliwa na mshtuko: amelala kimya, ghafla mikono inaruka na anaamka akilia. Nguo iliyomkumbatia humtuliza. Hata masista waliotusomesha skuli ya misheni walitusimulia jinsi Mariamu alivyomzongea mwanawe nguo kabla ya kumlaza horini. Basi ada yenyewe ni kongwe na ya watu wengi.

Hatari huja mtoto anapopata nguvu. Tangu miaka ya 1990, Uingereza, Marekani na hapa Kanada, wazazi wamekuwa wakiambiwa wamlaze mtoto chali, kwa sababu vifo vya ghafla usingizini vilionekana zaidi kwa waliolazwa kifudifudi. Mtoto aliyefungwa mikono akijipindua kifudifudi hana mkono wa kujiinulia, na uso unabaki kwenye godoro. Ndiyo maana madaktari wa watoto wa Marekani, katika mwongozo wao wa mwaka 2022, wanasema kufunga kuachwe mara mtoto anapoonyesha dalili za kujaribu kujipindua. Mara nyingi huwa miezi 3 hadi 4, lakini wapo wanaoanza mapema zaidi.

Dalili zenyewe mama huziona mchana, akimlaza mtoto mkekani: anainua miguu yote miwili na kuiangusha upande mmoja, anapinda kiuno, bega linaondoka chini. Mjukuu wangu alianza hivyo akiwa na wiki 11, nasi tukaacha wiki hiyo hiyo, ingawa upande wa pili wa ukoo walisema tumeharakisha.

Wengine hupima kwa arubaini. Mimi nilikuwa karani na najua faida ya tarehe, lakini arubaini ni hesabu ya mzazi, ya kupumzika na kupona kwake. Mtoto hana habari nayo. Na miezi sita, anayoitaja bibi mmoja ninayemheshimu sana, kwa wengi ni kuchelewa.

Kuhusu mifupa, hapo nasema kwa adabu kwamba mambo ni kinyume. Japani, katikati ya miaka ya 1970, walifanya kampeni ya kuacha kuwafunga watoto kwa kunyoosha miguu, na nyonga zilizoteguka zikapungua sana. Kwa hivyo hata katika wiki za mwanzo, khanga ikaze kifuani kiasi cha kupitisha vidole, lakini mapaja yawe huru kupanda na kupanuka kama ya chura. Mbeleko ya mama zetu hufanya hivyo hasa: mtoto mgongoni, mapaja yamepanuka. Mwenye uchungu na khanga yake aihamishie huko.

Jambo jingine ni joto. Nje theluji, ndani mashine ya joto inanguruma, na mgeni kutoka Muscat anaongeza blanketi juu ya khanga. Mguseni mtoto shingoni au kifuani. Akiwa na jasho, punguzeni nguo. Kitandani mwake pasiwe na blanketi wala mto. Ile mifuko ya kulalia yenye uzito inayouzwa madukani, madaktari hao hao wameikataza.

Kama mtoto bado hajaanza kujipindua, mama anaweza kumtoa mkono mmoja kwa siku mbili tatu, kisha wa pili. Akishaanza hakuna hatua, khanga iondoke yote usiku huo. Badala yake avishwe mfuko wa kulalia wa zipu usio na mikono, unaomkaa sawasawa shingoni ili asizame ndani. Usiku wa kwanza atashtuka na kulia, pengine na wa pili na wa tatu. Bibi aliyepo nyumbani achukue zamu ya alfajiri, mama alale.