Kondo la nyuma laweza kueleza mimba iliyoharibika

Mama anapopoteza ujauzito, ndugu na majirani huanza kuuliza alikula nini, alibeba nini, aligombana na nani. Wataalamu wa uzazi husema pa kuanzia ni kwingine: kondo la nyuma, kiungo kilichokuwa kikimlisha mtoto tumboni.

Vijidudu hufika humo kwa njia mbili. Mara nyingi hupanda kutoka ukeni, vikapita mlango wa kizazi na kushambulia utando unaomzunguka mtoto. Vingine huja na damu ya mama.

Njia hiyo ya pili inawahusu sana Waafrika Mashariki wanaoishi Weston, kaskazini-magharibi mwa jiji la Toronto, Kanada. Mwaka 2008, nyama iliyokatwa tayari kutoka kiwanda kilichokuwa kaskazini mwa mtaa huo ilieneza bakteria aitwaye listeria. Watu zaidi ya 20 walifariki nchini humo, wengi wao wazee. Lakini listeria ni hatari pia kwa waja wazito, na huzaliana hata ndani ya jokofu. Mama huweza kupata homa kidogo na maumivu ya mwili, akadhani ni mafua, kumbe kondo limekwisha kuvamiwa.

Anayerejea kutoka Afrika Mashariki ana la ziada la kuwaambia madaktari: malaria. Mwaka 1996, watafiti Michal Fried na Patrick Duffy, waliofanya kazi Kisumu, Kenya, walieleza jinsi vimelea vya malaria vinavyojinatisha ndani ya kondo. Ndiyo maana damu ya kidoleni huweza kuonekana safi ilhali vimelea vimejificha humo.

Maabara hukata kondo vipande na kuvitazama kwa hadubini. Kipande cha kuotesha bakteria lazima kichukuliwe kabla kondo halijatiwa fomalini, kwani dawa hiyo huhifadhi nyama lakini huua vijidudu. Kwa hiyo ombi la uchunguzi lifanywe mapema, ikiwezekana mle mle chumba cha uzazi. Familia inayotaka kulizika kondo yaweza kuuliza papo hapo kama litarudishwa.

Jibu halipatikani kila mara, na dalili za uvimbe peke yake hazithibitishi chanzo. Listeria ikigunduliwa, mama hutibiwa kwa dawa za jamii ya penisilini. Na mjamzito anayepanga kusafiri kwenda eneo lenye malaria hushauriwa kumwona daktari kabla ya safari, apewe kinga inayomfaa.