Saa za tajiri, saa za dereva

Dereva wa daladala Dar es Salaam huingia barabarani kabla ya jua kuchomoza, na mara nyingi saa nne usiku bado ameshika usukani. Matteo Rizzo, mtafiti aliyewafuatilia madereva na makonda wa jiji hilo kwa miaka mingi na kuchapisha kitabu juu yao mwaka 2017, alikuta siku yao ya kazi inafikia wastani wa saa 15, na wengi wao hawapumziki hata siku moja kwa wiki. Tukiulizwa kwa nini, huwa tunaisaka sababu ndani ya mtu: wengine husema ni uchu wa hela, wengine humsifu kwamba ni mchapakazi. Nadhani tunatazama pasipo. Sababu iko kwenye hesabu, yaani kile kiasi ambacho dereva lazima ampelekee mwenye gari, anayeitwa tajiri, kila siku, gari liwe limejaza abiria au limezunguka tupu.

Mafuta ni juu ya dereva, na mara nyingi faini za trafiki pia. Kinachobaki baada ya hapo ndicho anachogawana na konda. Tuchukue namba za mfano tu: hesabu ni shilingi 120,000, na gari linaingiza 15,000 kwa saa mafuta yakishatolewa. Saa nane za mwanzo zote ni za tajiri. Wakifunga kazi baada ya saa tisa, ambazo ndizo kikomo cha siku ya kawaida kwa mujibu wa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, watagawana 15,000. Wakienda hadi saa 14, watagawana 90,000. Saa tano za nyongeza zimezidisha kipato chao mara sita! Mtu wa mshahara, hata angelipwa kila saa ya ziada kama saa moja na nusu, kwa saa hizohizo tano hafikishi mara mbili ya ujira wake wa siku. Sasa mvua inyeshe, foleni ikamate, mapato yashuke hadi 10,000 kwa saa: saa za tajiri zinakuwa 12. Mwenye gari haioni foleni hiyo hata kidogo, kwa sababu dereva ameshailipia kwa usingizi wake.

Dhana ya uchu inapata jibu magharibi mwa Kenya, ambako wachumi Pascaline Dupas, Jonathan Robinson na Santiago Saavedra walichunguza siku za kazi za waendesha bodaboda za baiskeli. Waligundua kwamba siku yenye mahitaji ya fedha mtu hukanyaga pedali muda mrefu zaidi, na akishapata kiasi anachohitaji siku hiyo, haichukui muda anaacha kazi. Mwenye tamaa isiyo na mwisho hafanyi hivyo. Sasa mtwike mtu wa namna hiyo hesabu ya mwingine juu ya mahitaji ya nyumbani kwake, na siku yake itarefuka bila tabia yake kubadilika hata chembe.

Kuna watakaosema: hakuna aliyemlazimisha dereva, angeweza kukataa. Lakini kijiweni wapo deiwaka, yaani madereva wa kibarua, wanaosubiri gari hilohilo, makubaliano ni ya mdomo, na anayelalamikia hesabu leo anaweza kukuta kesho ufunguo uko kwa mwingine. Tena madereva wenyewe wameshasema wanataka nini. Chama chao cha UWAMADAR, kilichoanzishwa miaka ya 1990, kilipigania mkataba wa ajira. Watu walioridhika na mpangilio wao hawaundi chama cha kuupinga.

Gharama ya saa ndefu hizo inajulikana. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalikadiria kwamba watu 745,000 walifariki mwaka 2016 kwa kiharusi na maradhi ya moyo yaliyotokana na kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki. Mtu wa saa 15 kwa siku anazifikisha hizo kabla siku ya nne haijaisha, na nyuma yake wamekaa na kusimama abiria wanaotegemea macho yake.

Hoja nzito kuliko zote ni ya wenye magari, na haifai kubezwa. Tajiri hayumo garini. Hajui nauli ngapi zimekusanywa, na akilipa mshahara anahofia konda atazificha na dereva ataegesha kivulini. Hesabu inamwondolea kazi ya kulinda. Ni kweli, na ndiyo maana mtindo huu umeshamiri pia kwenye matatu za Kenya. Ila hoja hiyo inaeleza kwa nini pawepo hesabu, haielezi kwa nini iwe ileile siku nzuri na siku mbovu. Mabasi ya mikoani tayari yana tiketi za kielektroniki na vifaa vya kufuatilia mwenendo wa gari. Kifaa kinachojua basi liko wapi kinaweza pia kuhesabu tripu, na tajiri akachukua fungu lake kwa kila tripu badala ya kiasi cha siku. Hapo hata saa ya kwanza ya kazi ingemwachia dereva kitu, na kurudi nyumbani mapema kusingemaanisha kurudi mikono mitupu. Siku za foleni wenye magari watapata pungufu, na ni haki wapate pungufu, kwa sababu gari ni lao na foleni ni sehemu ya biashara yao.